Mtaro wa Fundi Mwashi

Fundi mwashi hakujua kukaa bure. Akitoka kujenga kuta za watu, alikwenda kuchimba mtaro kwenye kinamasi nyuma ya nyumba. Alitaka maji yatoke, ule udongo mweusi ukauke, apande mboga. Mkewe, msusi wa mikeka, alimkataza. Kinamasi kilikuwa cha ukoo wake, na nyasi zake za kusukia zilitoka humo. Fundi alicheka tu. Maji yaliyolala, alisema, hayamlishi mtu.

Mtaro ulipokamilika, mambo yakaenda mrama. Nyasi zilinyauka. Kisima cha bondeni kikapungua. Kisha, mchana kweupe, moshi ukafuka ardhini bila moto kuonekana. Fundi akaumwagia maji ndoo kwa ndoo. Ukizimika hapa, unaibuka pale.

Mkewe akamwita bibi shamba. Alikuja na bomba refu la chuma, akalizamisha kinamasini, akalivuta, akalifungua. Ndani mlijaa majani meusi ambayo hayajaoza.

"Hii ni mboji ya kinamasi, fundi," alisema. "Ni mimea iliyokufa ikalala majini. Kupata unene wa ukucha tu, hupita kama mwaka mzima. Ikilowa, hutunza mvua na kulisha kisima. Ukiikausha, cheche moja tu huifanya iungue chini kwa chini, na hewa yake chafu huzidisha joto duniani."

Kwenye ncha ya bomba, iliyofika kina cha kimo cha mtu, palinasa kipande cha ukili, utepe uliosukwa wa kushonea mkeka. Mkewe alikisafisha kwa kidole, akakisogeza karibu na macho. Wanawake wa ukoo wake huzamisha kinamasini mkeka wao wa kwanza, kutoa shukrani. Yeye alizamisha wake, na mama yake vilevile.

"Msuko ni huu huu wangu," alisema. "Ulisukwa miaka mingapi iliyopita?"

"Huenda zaidi ya elfu moja," bibi shamba alijibu.

Lo! Elfu moja, na ukili haujafumuka! Na fundi alibakiza kidogo tu autie moto. Aliona aibu, akaona na ukuu wa mahali pale, mwili ukamsisimka.

Mkewe alikirudisha kipande kwenye tundu la bomba. Bibi shamba akawaonyesha pa kuziba, na fundi akaujaza mtaro mbao na tope, hatua kwa hatua. Maji yakapanda, moshi ukafa, kisima kikajaa. Mboga akazipanda juu, penye udongo mkavu.

Mvua zilizofuata, binti yao alimaliza mkeka wake wa kwanza. Fundi aliingia naye kinamasini, maji magotini, wakaulaza pamoja. Akasimama pale, machozi yakimlengalenga, mpaka ukazama wote.