Sahani ya Aliyechelewa

Sahani ilikuwa imeoshwa, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Mama Loveness.

Kama hujawahi kulea watoto waliokulia stendi, huwezi kuelewa. Pale Nyumba ya Faraja, nje kidogo ya Newala, barabara ya Mnyambe inapoanza kuzama kwenye mikorosho, kulikuwa na watoto waliojua kudandia lori linalotembea, kulala chini ya meza za wauza dagaa wa Masasi, na kumtukana mgambo kwa Kimakonde na Kimakua kwa pumzi moja. Kuosha sahani, hawajui. Mama Loveness, mpishi na mlezi wao, alishahubiri, alishanuna, alishatishia kuwapikia mlenda mpaka Pasaka. Sahani za plastiki ziliendelea kulala uani kama kandambili za watu waliokimbia mkutano.

Isipokuwa hiyo moja. Ilikuwa ya kauri, ina maua ya bluu, masalia ya vyombo vya harusi yake. Vingine vilivunjika pamoja na ndoa yenyewe. Kila jioni aliipakulia chakula cha mtoto ambaye hajafika bado, maana huwezi kujua basi la Masasi litamshusha nani. Aliiweka kwenye baraza ya jiko, kisha akasogea getini na kupaza sauti kuelekea mikoroshoni: "Ambaye hajala aje ale. Humu hakuna aliyechelewa." Sauti yake ilikuwa na unene wa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mwili ambao watoto walisema njaa ikiingia nchini itaanzia kwa wengine, kwake itafika imechoka.

Asipokuja mtu, asubuhi kile chakula walikula kuku. Sasa kuku walikuwa wanamtazama kama wadai, na sahani ilikuwa kichanjani, imetakata, imekauka, imefunikwa kifudifudi.

"Nani kaosha?" aliuliza.

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

"Nataka kumpa andazi."

Mikono yote ikapanda juu.

Akacheka, akagawa maandazi. Lakini kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa, na pipa la maji, ambalo kule juu kwetu, kwa shida ya maji, watu hulilinda kuliko mke, halikupungua hata kata moja. Tena ilikuwa masika, kila kitu kinatota, mpaka kiberiti kinalia. Hiyo sahani ilikauka vipi? Akainusa. Ilinuka nyasi zilizoungua, na chini yake mafuta ya nyonyo, kama kichwa cha kijana aliyenyolewa akapakwa.

Hapo ndipo alipomtazama vizuri Swaumu.

Swaumu aliletwa kutoka stendi ya Masasi akiwa haongei kabisa. Siku hizi alikuwa anacheka peke yake karibu na kichanja, jambo ambalo Mama Loveness alilishukuru kanisani. Alikuwa pia anakula kama mvuna korosho, na bado mifupa ya mabega yake ilikuwa inachomoza kama henga za nguo. Zahanati walipima malaria, wakapima minyoo, wakatoa vidonge vya damu. Mtoto akazidi kuisha.

"Unaongea na nani, mama?" Mama Loveness alimuuliza, akijikunja kando yake kwa shida.

"Na kaka."

"Kaka yupi?"

"Anayekula kwenye maua ya bluu," Swaumu alinong'ona. "Hana jina. La utotoni aliliacha porini, jipya hakupewa. Anasema cha sahani hakimtoshi, nimkaribishe na changu."

"Ukamkaribisha?"

"Wewe si unasema aje tu?"

Mama Loveness alishika kichanja, akajiinua.

Alikwenda kuomba ruhusa ya kuita mganga kwa Mwalimu Bartholomayo, msimamizi wa nyumba, mzee wa kanisa aliyefunga vifungo vyote vya shati hata kwenye joto.

"Mama Loveness," alisema mwalimu akishusha sauti, "sisi ni shirika lililosajiliwa. Wafadhili wakiuliza, nitawaambia tuna jini?"

"Waambie tuna mtoto anakufa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Basi apite mlango wa nyuma," alisema.

Ndivyo alivyofika Bi Ziada, fundi wa uganga kutoka Makote, juu ya bodaboda, mwavuli mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chai kwanza. Hao hawakimbii, ndiyo shida yao."

Alikunywa chai, akainusa sahani, akairudisha mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Huyu hakutumwa na mtu," alisema. "Wengine watakwambia jini, mwite hivyo ukipenda. Hapo nyuma, kabla ya mikorosho hii, palikuwa na kambi ya jando. Kijana akifia jandoni, kabla ya kupewa jina la ukubwani, mama yake haambiwi kwa mdomo. Anapeleka chakula kama kawaida, na siku wenzake wanatoka, wazee wanamvunjia sahani yake miguuni. Hapo analia, na marehemu anajua chakula chake kimekwisha, anakwenda zake. Huyu mama yake alikuwa mjane, mtoto mmoja tu. Wazee wakaona aibu. Hakuna aliyevunja. Yule mama akapeleka chakula porini mpaka akafa."

"Na mimi nikaendeleza," alisema Mama Loveness.

"Wewe ukamwita kabisa. Kila magharibi, kwa sauti hiyo." Bi Ziada alimsogezea sahani. "Anayepakua ndiye anayevunja. Leo akija, mvunjie miguuni, useme chakula kimekwisha. Usimjibu kitu. Ukimkaribisha mara nyingine kwa mdomo wako, mimi sitarudi, na bodaboda mtakuwa mmelipa bure."

Jioni ile watoto walifungiwa bwenini na Mwalimu Bartholomayo, aliyewaimbisha nyimbo zote anazozijua kisha akaanza upya. Mama Loveness alisimama kwenye baraza ya jiko, sahani mkononi, tupu. Mvua ilikatika. Kuku walikwisha kupanda. Kwanza ikaja harufu, nyasi zinazoungua katika dunia iliyolowa, ikapanda kutoka mikoroshoni, ikapita getini bila geti kulia, ikavuka uani pale penye matope, na matope hayakutoa sauti, ila yalikuwa yanabonyea, unyayo kwa unyayo, nyayo ndogo zisizo na haraka, mpaka zikakoma mbele ya baraza, mbele yake, na huko bwenini wimbo ukakatika katikati, na ndani ya ule ukimya akamsikia Swaumu akihema, kuhema kwa mtu anayebebeshwa mzigo.

Akanyanyua sahani juu ya kichwa.

"Mama," ikasema sauti, ndogo, yenye adabu, inayotokea usawa wa kiuno chake. "Shikamoo."

Maishani mwake hakuwahi kuacha shikamoo ya mtoto bila kuijibu.

"Mama, kwani nimechelewa?"

Angeivunja. Alikwisha kuipeleka mikono nyuma ili aitupe vizuri. Lakini watoto wote wa nyumba ile walikuwa wamefika getini na swali hilo hilo, Swaumu alilibeba machoni kwa kuwa mdomo ulikataa, na jibu lake lilikuwa moja miaka yote. Akashusha mikono. Akaketi barazani, mbao zikalalamika.

"Marahaba, baba," alisema. "Hujachelewa. Ila mwache yule, mdogo yule, hana kitu. Njoo ukae kwangu. Mimi nina akiba."

Baridi ikamkalia mapajani, nyepesi kama mtoto wa miaka kumi, ikaegemea kifuani.

Swaumu sasa amenenepa, anaongea mpaka anatulizwa, na ameanza shule. Mwalimu Bartholomayo husema ni vidonge vya damu. Watoto wamejifunza kuosha sahani. Hawapendi kuona ile moja inavyojiosha.

Mama Loveness bado anacheka kwa sauti ile ile, ingawa inatoka kwenye mwili mwingine. Khanga iliyokuwa haimfikii sasa inamzunguka mara mbili, na pete imehamia kidole gumba. Watu wakimuuliza, anasema yuko kwenye diet, kama wanawake wa mjini. Jioni hapazi tena sauti getini. Anapakua kwenye maua ya bluu, anaketi barazani, anaweka mapaja tayari kupokea baridi ya mtoto wake.

"Kula taratibu, baba," anasema. "Bado nipo."