Karibu Kwetu Njiru

Chumvi ndiyo iliyoanza. Kavutha, au Mama Nzisa kama majirani wa ploti walivyomwita, alionja jikoni muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akaongeza chumvi, akaonja tena, akaongeza tena. Mumewe Mbaluka, dereva wa lori la mchanga, alikula vijiko vitatu akaisukuma sahani.

"Mama Nzisa, leo umetupikia maji?"

"Nimetia chumvi mara nne."

"Basi hiyo chumvi ni ya kuchorwa."

Zamani wangecheka, lakini kicheko kilikuwa kimehama nyumba hiyo tangu Machi. Mwezi huo Celine, mwalimu aliyefundisha pamoja na binti yao kule Thailand, alishuka uwanja wa ndege akiwa na begi la nguo na kasha dogo la majivu. Pikipiki iliteleza kwenye mvua, Nzisa akafa kabla ya kufikishwa hospitali, na mwili haukuweza kusafirishwa. Mkamba gani huzikwa ndani ya kitu unachoweza kukipakata mapajani? Walilipeleka kasha lile Kitui, wakalifukia, Mchungaji Phares akaomba, watu wakala, wakarudi Njiru. Kavutha hakuuona uso wa mwanawe. Mama ambaye hajauona uso, utamwambia nini akuamini?

Kwa hiyo sahani ya Nzisa iliendelea kupakuliwa. Nyumbani kwao aliye safarini hakosi fungu lake: chakula hupakuliwa na kufunikwa kwa sahani nyingine. Miaka miwili ambayo Nzisa alikuwa akifundisha Kiingereza ugenini, kila saa nane mchana, wakati kule ni saa kumi na mbili jioni na mtoto yuko mezani, Kavutha alimpakulia, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, wakala pamoja wakitazamana. Baada ya mazishi simu ilinyamaza. Sahani haikunyamaza. Mbaluka aliona, akaona aibu kusema, na kwa hilo mimi namlaumu mpaka leo.

Ni kwenye simu hizo walikolijua jiji lile la mbali alikofundisha. Muhula wa kwanza Nzisa alilia sana. Watoto walimsugua mkono waone kama rangi itatoka. Siku moja alimpapasa mwanafunzi kichwani kumpongeza, kama tunavyofanya huku, darasa zima likaganda. Kumbe kule kichwa cha mtu hakiguswi. Polepole akazoea. Akajifunza kula wali asubuhi, na kuvua ndara mlangoni na kuzipanga vidole vikitazama nje. Kisha akawaonyesha kijumba. Mbele ya nyumba aliyopanga kulikuwa na kijumba kidogo juu ya nguzo, na kila siku mwenye nyumba aliweka humo chakula, ubani, na soda nyekundu yenye mrija, kwa ajili ya pepo wa kiwanja.

"Na nani anakula?" Kavutha aliuliza, Nzisa akamjibu akimwita mama kwa Kikamba:

"Hakuna, mwaitu. Wanasema anakula utamu tu. Chakula kinabaki vile vile."

"Mambo hayo usiyaguse, mwanangu."

"Siyagusi. Lakini nikila hapa nje bila kumwambia karibu, naona ni kama madharau."

Kavutha alicheka. Naye ni mtu wa adabu, hata muuza maji akipita na mkokoteni humwambia karibu chakula. Akasogeza mdomo kwenye simu. "Basi mwambie karibu kwetu Njiru. Chumba chako si kiko wazi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaosema hivyo hawasemi ni mgeni gani.

Baada ya chumvi ikafuata sukari. Chai ikawa maji moto yenye rangi. Kisha harufu ya ubani ikaanza kutoka chumba cha Nzisa, lilikowekwa begi lake, nao ni watu wa kanisa wasiofukiza chochote. Kisha ndara. Zilikuwa ndani ya begi. Zikaanza kukutwa asubuhi nje ya mlango wa chumba, zimepangwa, vidole vikitazama nje. Kavutha alidhani ni Mbaluka, Mbaluka akadhani ni Kavutha, na kila mmoja alipozikuta akazirudisha kimya kimya asimwumize mwenzake.

Siku aliyoisikia sauti jua lilikuwa kali, mabati yakilia kwa joto, ploti nzima tupu kwa kuwa watoto walikuwa shuleni na wakubwa kazini, na Kavutha alikuwa ameishika sahani ya mwanawe mkononi aliposikia, nyuma ya mlango ule uliofungwa, Nzisa akisema kwa Kiingereza, taratibu, kwa ile sauti ya ualimu aliyoifanyia mazoezi humo humo kabla ya kusafiri, kwamba huyu ni mama yangu, na watoto wengi, darasa zima la watoto ndani ya chumba kisichotosha zaidi ya kitanda na begi, wakarudia kwa pamoja kwamba huyu ni mama yangu.

Kisha, kwa Kiswahili: "Mwaitu, chakula kiko tayari?"

Mtu mwingine angekimbia. Kavutha alilia kwa furaha, akajibu, "Kiko tayari."

Tangu hapo waliongea kila mchana, mlango katikati. Mbaluka hakujua. Alijua tu kwamba chakula hakimshibishi, na kwamba mshipi wake umehitaji matundu mawili mapya. Siku moja alizidiwa na kizunguzungu, akarudi mapema, akamkuta mkewe sakafuni akiuchekea mlango.

"Unaongea na nani?"

"Shh. Anakula."

"Kavutha," alinong'ona, "huyo mtoto alikufa."

"Ulimwona? Mimi sikumwona."

Mchungaji Phares alikuja akakemea mpaka sauti ikamkauka. Ubani ulipotea siku tatu, ukarudi. Ndipo Mbaluka alipokwenda Majengo kumleta Mama Ruqiya, mwanamke mtu mzima anayejulikana kwa kazi hizo za kutoa mapepo. Mama Ruqiya alionja chakula cha kwenye sahani ya Nzisa, akakitema.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Huyu alikaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Kavutha aliifunika tena ile sahani. Kisha akaeleza lile karibu alilolisema kwenye simu.

"Basi aliyemkaribisha ndiye atakayemsindikiza, mwanangu. Kesho saa nane umtoe kama mgeni yeyote, mpaka barabara kubwa. Sema kwaheri, geuka, urudi. Neno jingine usiongeze. Begi na ndara nitaondoka navyo mimi."

"Na kama ni mtoto wangu?"

"Mtoto wako angekula akashiba. Mtazame mumeo."

Kavutha alimtazama. Shati lilimning'inia Mbaluka kama limeanikwa.

Kesho yake alitoka. Mbaluka na Mama Ruqiya walitangulia kusimama kwenye kibanda cha mboga kando ya Kangundo Road. Walimwona Kavutha akija peke yake juani, mikono kifuani. Yeye alikuwa akisikia ndara zikipiga kisiginoni nyuma yake, pa, pa, pa, na ile sauti haikuacha kusema njia nzima, ikimwuliza alimkosea nini, ikimkumbusha jinsi alivyomsuka nywele usiku wa kuamkia safari mpaka wote wawili wakasinzia, na walipofika barabarani, malori yakipita na vumbi likipanda, alisimama akasema kwaheri, nayo ikamjibu kwa upole, "Mwaitu, siku ile uwanja wa ndege hukulia. Ulisema utalia nikirudi."

Kavutha aligeuka. Alitembea hatua tatu. Akasimama, bila kuangalia nyuma, na midomo yake ikasogea. Lori likapiga honi, Mbaluka hakusikia kitu.

Usiku huo Mbaluka alionja mchuzi, machozi yakamtoka. "Umezidisha chumvi!" alisema, akala sahani mbili. Alilala kama mtoto.

Mchana uliofuata alikuwa nyumbani bado akipumzika. Kavutha alipakua muthokoi, sahani ya mume, sahani yake. Kisha akapakua ya tatu, akaifunika.

"Mama Nzisa. Ulisema nini pale barabarani?"

"Nilisema kwaheri."

"Na halafu?"

Hakumtazama. "Nilimwambia vile watu humwambia mgeni. Nilimwambia karibu tena."

Mbaluka alitia kijiko mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu, akitafuta chumvi. Nje ya mlango wa chumba cha Nzisa, ndara zilizokwenda Majengo na Mama Ruqiya zilikuwa zimepangwa vizuri, vidole vikitazama nje. Alitaka kusimama, alitaka kupiga kelele, alitaka kumvuta mkewe wakimbie hata bila viatu.

"Baba," sauti ikasema nyuma ya mlango, ikimwita yeye kwa mara ya kwanza, "mbona umekonda hivyo?"

Mbaluka alikiweka kijiko chini, akajifuta macho, na akamvutia mwanawe kiti.