Kioo Kipya cha Mama Jordan

Anjelina alikuwa mtu wa asante. Alimshukuru muuza maziwa, akamshukuru askari wa usalama barabarani hata pale alipomsimamisha. Majirani zake wa Ipagala walimtania kwamba iko siku atalishukuru shimo la barabarani kwa kumkumbusha kupunguza mwendo. Yeye alicheka tu, maana alijua ana mengi ya kushukuru.

Moja ya hayo ni gari. Yeye na mumewe Ebenezer, ambaye ni mwalimu wa sekondari, walijibana miaka mingi hadi wakanunua gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Kila asubuhi Anjelina aliliwasha kwenda Mtumba, alikokuwa katibu muhtasi wizarani. Kila likiwaka, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani. Hakuna mtu nyumbani aliyejua maana yake. Anjelina aliijibu, "Asante, dada," akaondoka zake. Mtoto wao Jordan alikwisha kuyakariri maneno yale, na siku moja aliyasema mezani badala ya sala, akakemewa huku wote wakijizuia kucheka.

Lakini zaidi ya wote, gari lile lilikuwa la Mama Hana. Huyu ni mama mzazi wa Anjelina, mkulima wa Kongwa. Mwaka huo alipata kiharusi. Mguu ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka pole pole. Daktari alisema mazoezi ya viungo yatamrudisha, mradi asiyakatishe. Kituo cha mazoezi kilikuwa Dodoma mjini. Kupanda basi kulimtesa, na kuhamia mjini alikataa katakata. Kuku wake angemwachia nani? Basi kila Ijumaa baada ya kazi Anjelina alimfuata Kongwa. Jumamosi alimpeleka mazoezini, na Jumapili baada ya ibada alimrudisha kwa kuku wake. Mama Hana alikuwa ameanza kusimama bila kushikwa.

Jumapili moja, wakati Anjelina anarudi peke yake kutoka Kongwa, lori lililotangulia lilirusha jiwe. Kioo cha mbele kikapasuka, ufa ukakatiza kutoka upande hadi upande.

Walimwita Iddy, fundi wa vioo vya magari pale mjini. Alikuja nyumbani kesho yake na kioo kipya cha gari la aina ileile. Alifanya kazi safi. Aling'oa kile cha zamani bila kukwaruza rangi, akapaka gundi vizuri, akaweka kipya, akawaambia gari lisitoke mpaka gundi ishike. Nao walitii. Anjelina alimshukuru mpaka fundi akaona haya, akamfungia na chapati. Kisha, kwa furaha, akabandika kwenye kioo kile stika kubwa yenye maneno ASANTE MUNGU. Aliibandika juu, katikati, mahali ambapo kila mtu angeisoma.

Wiki ileile gari lilianza vituko.

Kwanza lilipiga kelele, pii, pii, pii, kama linaloonya kwamba linatoka kwenye njia yake, ilhali Anjelina alikuwa katikati ya mistari. Kisha maandishi ya njano ya Kijapani yakawa yanatokea kwenye dashibodi na kupotea. Anjelina hakuyajali. Gari hili si limezoea kusema Kijapani chake?

Alhamisi asubuhi, karibu na Mtumba, gari lilifunga breki lenyewe. Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe. Kulikuwa na lori tu lililoegeshwa nje kabisa ya barabara, pembeni. Gari la nyuma lilimkwepa kwa nafasi ndogo, dereva wake akapiga honi ndefu. Anjelina alifika ofisini. Alimshukuru Mungu kwa kufika, lakini safari hii shukrani ilikuja na hofu. Ingekuwaje kama mama yake angekuwa kiti cha mbele?

Jioni alimsimulia mumewe. Ebenezer alikagua vitufe, akapata kimoja chenye picha ya gari na mistari, akakibonyeza mpaka taa fulani ikawaka. Alisema ameizima ile mashine ya kelele, kwa hiyo gari limepona. Anjelina hakuridhika.

"Haya mambo yameanza baada ya kioo, Baba Jordan."

"Basi mrudie fundi."

"Nimrudie na lawama? Mtu aliyetufanyia wema ule, nimwambie ameharibu?"

Hapo ndipo Anjelina alipokwama. Watu wanaojua kushukuru wana ugonjwa wao huu. Wanaona kulalamika ni kukosa fadhila, kwa hiyo wananyamaza na tatizo lao. Alimpigia simu mama yake, akamwambia wiki hii hatamfuata. Mama Hana akasema, "Haya." Neno lile moja lilimchoma Anjelina kuliko honi ya asubuhi. Wiki moja ya kukosa mazoezi ingezaa ya pili, na mguu ungerudi kule kule ulikotoka.

Ijumaa jioni jirani yao Joha alipita kusalimia. Joha alikuwa mwalimu wa umeme wa magari katika chuo cha ufundi. Alilikuta gari limefunikwa turubai kama maiti, akauliza kulikoni. Anjelina akamweleza yote, akaona ajabu kwamba Joha hasemi pole. Alikuwa amelifunua turubai, anakitazama kioo.

"Mama Jordan, kuna kidude cheusi hapa, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Unakijua?"

Anjelina alisema alidhani ni kishikio tu.

"Ni kamera. Inatazama mbele kupitia kioo hiki. Inasoma mistari ya barabara, inaona magari na watu. Gari likiona unakaribia kugonga linakuonya, na ukichelewa linafunga breki. Fundi alipotoa kioo, alitoa na kamera, kisha akairudisha kwenye kioo kipya."

"Si ameirudisha mahali pake?"

"Mahali pake, ndiyo. Ila haitazami palepale. Nyumbani Kongwa mnalima alizeti. Ukianza kuvuta mstari wa kupandia umeukosea upana wa kidole tu, mwisho wa shamba utatokea wapi?"

Anjelina alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa jirani."

"Kamera nayo ni hivyo hivyo. Hapa kwenye kioo kosa ni dogo, huwezi kuliona kwa macho. Kule mbele, lori la pembeni inaliona liko njiani kwako. Au aliye njiani kwako inamwona yuko pembeni. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu halipigi kelele."

Anjelina alikaa kwenye ngazi ya baraza. Hakuwa amewaza kwamba kimya cha gari nacho kinaweza kuwa cha hatari.

Joha alimwomba aliwashe. Sauti ya Kijapani ikasema, na maandishi ya njano yakatokea. Joha aliyapiga picha kwa simu yenye kutafsiri, akamwonyesha. Simu ilisema: *Kamera ya mbele ina hitilafu. Gari likaguliwe.* Kisha, kwa kuwa Anjelina alitaka sana kujua, wakaitafsiri na ile sauti ya kila asubuhi. Ilikuwa inasema kadi ya kulipia ushuru wa barabara za Japani haijachomekwa.

"Miaka yote hii namwambia asante," alisema Anjelina, "kumbe ananidai kadi."

Wakacheka wote wawili. Ebenezer alitoka ndani, naye akauliza kama basi kuzima mashine ile si suluhisho. Joha alimjibu kwa upole kwamba kuzima si dhambi, mradi dereva ajue amezima na aendeshe kwa kujitegemea. Hata kamera ikiwa nzima, alisema, dereva hapumzishi macho yake. Kosa ni kuzima na kusema gari limepona. Dawa yake ni kamera kupimwa na kuelekezwa upya, kazi ambayo mafundi huiita kalibresheni. Chuoni kwao vifaa vilikuwepo.

Kabla ya kuondoka Joha alinyoosha kidole kwenye stika. "Na hii, mwenzangu, umeibandika mbele ya jicho la kamera. Mungu atakusikia hata ukiihamishia kioo cha nyuma."

Ikabaki kwenda kwa Iddy jioni ileile. Anjelina aliona afadhali aende mwenyewe. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Alipofika, fundi alimpokea kwa uchangamfu, kisha akauona wasiwasi usoni mwake.

"Dada, kioo kinavuja?"

"Hakivuji, fundi. Kazi yako ni nzuri na bado naishukuru. Nimekuja kwa sababu ya kamera."

Alimweleza bila kumlaumu, lakini bila kuficha. Gari lilifunga breki barabarani mbele pakiwa wazi. Nusura lisababishe ajali. Mama yake mgonjwa atakosa mazoezi ya kesho. Iddy alisikiliza akiwa amesimama na kitambaa mkononi. Alisema yeye alijifunza vioo tangu magari hayana vitu hivyo, na kwamba kamera huwa anaifungua na kuifunga kwa uangalifu, akijua imetosha. Kisha akakaa chini juu ya kreti.

"Unajua ni magari mangapi nimeyafunga hivi?" alisema. "Na hakuna aliyerudi. Nilidhani hawarudi kwa sababu kazi imewaridhisha."

Alikunja kitambaa, akamgeukia Anjelina.

"Asante, dada," alisema Iddy. "Wewe ndiye umenishukuru kweli."

Maneno yale Anjelina aliyabeba moyoni. Alikuja akiogopa kuonekana hana fadhila, na mtu amempokea kama mgeni aliyeleta zawadi.

Jumamosi, siku ambayo Mama Hana angekuwa mazoezini, Iddy alikuwa chuoni kwa Joha, ameacha kazi zake za siku ile aje kujifunza. Joha alimwonyesha kila hatua, naye alishika mwenyewe. Walijaza upepo wa matairi sawasawa. Walitoa mizigo kwenye buti, maana gari likiinama nyuma, kamera nayo inatazama juu. Wakahamishia stika kioo cha nyuma, wakasafisha kioo cha mbele ndani na nje, wakaangalia kama kamera imekaa barabara kwenye kishikio chake, na kama sehemu ya kioo kipya inayotazamwa na kamera ni angavu. Gari liliwekwa kwenye sakafu iliyosawazishwa. Mbele yake wakasimamisha bango lenye michoro myeusi na myeupe, wakalipima umbali na urefu kwa vipimo vya kiwanda cha gari lile. Joha akachomeka mashine ya kupimia, na kamera ikaanza kujifunza upya mbele ni wapi.

Iddy aliuliza kama kila gari hufanywa hivyo. Joha alisema hapana, kila kiwanda na utaratibu wake. Mengine huwekewa bango, mengine huendeshwa barabarani, mengine hutaka vyote viwili. Hili lilitaka vyote viwili. Kwa hiyo wakatoka kwenye barabara yenye mistari iliyopakwa vizuri, Joha akaendesha kwa mwendo usiobadilika mpaka mashine ikaonyesha imekamilika. Maandishi ya njano yalipotea, na Joha akakiwasha tena kile kitufe alichokizima Ebenezer. Wakapita lori lililoegeshwa pembeni, na gari halikushtuka. Anjelina aliyekaa nyuma alifumba macho, akashukuru kimoyomoyo.

Wiki ile Iddy aliwapigia wateja wake wa nyuma mmoja mmoja. Kuanzia hapo, kabla hajagusa kioo chochote, humwuliza mwenye gari kama lina kamera, na kama linayo, humwambia mapema kwamba kioo na kipimo cha kamera ni kazi moja, asikubali kuchukua gari bila kuonyeshwa matokeo. Wengine hununa kwa kucheleweshwa. Yeye huwaacha wanune.

Ijumaa iliyofuata Anjelina alikwenda Kongwa. Alimsalimia mama yake shikamoo, akamwona ameshuka nguvu kidogo kwa ile wiki aliyoikosa. Alimfunga mkanda, wakaanza safari, na njiani akamsimulia habari ya kamera, ya Joha, na ya fundi aliyekaa juu ya kreti. Mama Hana alisikiliza akitikisa kichwa.

Walipopita Mbande, watu walikuwa wengi barabarani, na Anjelina aliendesha taratibu. Mama Hana alikohoa. Anjelina aligeuza macho kumtazama, kitambo kidogo tu. Mbele, pikipiki iliyobeba mtu na magunia ya alizeti ilisimama ghafla kumpisha mtoto aliyekimbilia barabarani.

Gari lilipiga kelele. Breki ikashika kabla mguu wa Anjelina haujafika, na mguu ulipofika ikashika zaidi. Walisimama. Kati yao na pikipiki palibaki nafasi ambayo mtu angeweza kupita. Mtoto alifika ng'ambo, akaendelea kukimbia bila hata kugeuka. Mwendesha pikipiki alitazama nyuma, akawapungia mkono, akaondoka.

Anjelina aliegesha pembeni. Alilia, na hakujaribu kujificha. Aliona vizuri jinsi ambavyo angeweza kunyamaza. Angekuwa amemstahi fundi, amebonyeza kitufe, na sasa angekuwa ameigonga ile pikipiki, mama yake akiwa kando yake na yule mtoto mbele. Mama Hana alimshika bega mpaka akatulia.

Walipofika Ipagala, Ebenezer alitoka na kiti cha kumpumzishia mama mkwe. Lakini Mama Hana hakutaka kushuka bado. Alinyoosha mkono, akaomba simu.

"Fundi," alisema. "Nipigie fundi."

Anjelina alimpigia Iddy, akamwambia kuna mzee anataka kuongea naye, akamwekea mama yake simu sikioni. Upande wa pili sauti ya kijana ilisema shikamoo kwa mtu asiyemjua. Mama Hana aliitikia marahaba. Kisha akakusanya maneno yake, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemharakisha.

"Mwanangu, mimi ni mama yake Anjelina. Asante kwa kurudia kazi. Nimefika."