Topetope Lililokwenda Sài Gòn

"Barabara Namba Moja mimi naijua yote, mwanzo hadi mwisho," alisema Khoát.

Alikuwa juu ya mwamba wa Chi Lăng, amekumbatia mtopetope kwa mkono mmoja. Mama yake, Bi Mỷ, alikuwa anachuma kwenye mti wa pembeni. Chini yao, chini kabisa, barabara ilionekana nyembamba kama uzi. Malori yalitambaa juu yake kama siafu.

"Mwisho wake ni wapi?" mama akauliza.

"Hà Nội."

Khoát alikuwa amefika Hà Nội mara mbili tu. Mara ya kwanza alikwenda kung'oa jino. Mara ya pili alikwenda kulalamika kwamba lililong'olewa silo.

Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa matopetope. Kila asubuhi familia hupanda mwambani, huchuma, kisha huteremsha vikapu kwa waya mrefu hadi kando ya barabara. Lakini mwaka huo palikuwa na jambo zaidi ya kuchuma.

Dada mkubwa wa Bi Mỷ, Nhình, anaishi Sài Gòn. Alimfuata mumewe huko miaka thelathini na miwili iliyopita. Hajarudi hata siku moja. Kila mwaka Bi Mỷ alimwomba kwa simu aje nyumbani kwa Tết, sikukuu ya mwaka mpya. Kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: njia ndefu, kiuno kibovu. Safari hii Nhình alisema neno jipya.

"Nitumie matopetope ya mwamba wetu. Yakifika mazima, na mimi nakuja. Kama tunda laini vile linaiweza ile njia, kiuno changu kitaona aibu."

Bi Mỷ aliiweka simu kifuani.

"Hilo niachie mimi, mama," Khoát alisema. "Kesho jioni Mama Mkubwa anakula."

Akachagua yaliyoiva kuliko yote, yale ambayo harufu yake inakufuata hadi mlangoni. Akayajaza kwenye gunia la nailoni. Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalipakia kwenye basi.

Siku ya nne simu ikalia.

"Mỷ," sauti ya Nhình ilisema, "uji wako nimeupata. Una mbegu nyingi."

"Dada, unisamehe."

"Usijali. Nimewapa kuku wa jirani, wameusifu sana. Ila Tết nitabaki hapa hapa na kiuno changu."

Bi Mỷ alimgeukia mwanawe. Khoát alikuwa anawatazama kuku wao kana kwamba hajawahi kuona kuku.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili msimu uishe.

Kesho yake Bi Mỷ alimshika Khoát mkono kama mtoto wa chekechea, wakaenda soko la Đồng Bành, kando ya barabara. Walimkuta Tuyên akinywa supu ya tambi. Tuyên ni dereva wa lori. Amepeleka matunda kusini kwa miaka kumi na tisa.

"Mlituma yapi?" Tuyên aliuliza.

"Matamu," alisema Khoát. "Yaliyoiva vizuri."

"Ulimtumia mtu wa Sài Gòn tunda la mtu wa hapa mezani. Kila tunda lina mji wake, kijana."

Akaenda kwenye kikapu cha muuzaji mmoja, akachagua matopetope manne, akayapanga mezani.

"Tazama mifereji kati ya vinundu. Hili mifereji imefunguka, imekuwa myeupe. Hili ni la mdomo wako leo. Hili la pili mifereji imefunguka nusu. Ni la Hà Nội. Hili la tatu ni gumu, lakini limeanza kupauka na mifereji ndiyo kwanza inafunguka. Limekomaa ila halijaiva. Hilo ndilo la Sài Gòn. Litaiva likiwa njiani."

"Na la nne?" aliuliza Bi Mỷ.

"La nguruwe. Bado kijani kibichi, mifereji imefumba. Halijakomaa. Utalisubiri mpaka liwe jeusi, na haliivi."

Kisha akaeleza mengine. Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Kata kwa mkasi, uache kikonyo na jani moja. Funga kila tunda kwa gazeti. Lipange kwenye sanduku lenye matundu, safu moja tu. Usitie kwenye nailoni, maana tunda nalo linapumua, likikosa hewa linaoza.

"Na barabara yenyewe inakwenda wapi?" mama aliuliza. "Huyu ananiambia inaishia Hà Nội."

Tuyên alicheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Hà Nội ndiyo kwanza umevaa viatu. Barabara inaanzia pale mpakani na China, lango la Hữu Nghị. Hapo ndipo kilomita sifuri. Inapita hapa. Inapita Hà Nội, Vinh, Huế, Đà Nẵng, Nha Trang, Sài Gòn. Hata huko haichoki. Inaendelea mpaka Cà Mau, kwenye mikoko, inapokosa nchi ya kukanyaga. Kilomita elfu mbili na mia tatu."

Khoát aligeuka kuitazama lami. Ilikuwa ile ile aliyokuwa akiivuka kila siku kwenda kununua chumvi. Lakini sasa aliitazama kama mtu aliyegundua kwamba kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwao imefungwa mwezini.

"Utakwenda naye," mama alisema. "Wewe na sanduku. Likifika uji, nawe baki huko na kuku."

Waliondoka adhuhuri, na matopetope ishirini na manne. Jioni wakapita Hà Nội, na Khoát akashangaa kuona barabara haikusimama hata kupumzika. Kila waliposimama alifungua sanduku na kubonyeza tunda moja kidogo kwa kidole gumba. Mjini Vinh lilikuwa gumu kama jiwe. Karibu na Huế mifereji ilikuwa imepauka zaidi. Akaacha kusoma vibao, akawa anaisoma njia kwa tunda.

Mchana wakafika mlima wa Hải Vân. Hapo, kwa maneno ya Khoát mwenyewe, lori lilipanda na kupanda mpaka likayaacha mawingu chini, na bahari ikaonekana kati yake kama shati la buluu lililochanika.

Alfajiri ya siku ya tatu, kwenye mlima wa Cả, Tuyên alisimamisha lori. Jua lilikuwa linatoka baharini. Khoát alizaliwa kati ya miamba. Kwao jua hutoka likiwa limeshazeeka. Hapa alilishuhudia likizaliwa, jekundu, limelowa, na barabara ikapita mbele yake ikimetameta kwenda kusini.

"Imekaa hapa siku zote?" akauliza polepole.

"Siku zote," Tuyên alisema. "Ulikuwa unanunua chumvi."

Phan Rang, penye joto kali, tunda lilianza kulegea. Jioni Sài Gòn, sanduku lilinukia mwamba wa Chi Lăng.

Nhình alifungua gazeti la kwanza. Tunda lilikuwa zima, na jani lake. Alilinusa, akafumba macho. Akalila taratibu, akapanga mbegu kwenye kisahani, moja moja. Kisha akasema, "Haya. Kiuno hakina tena la kusema."

Siku hizi kwa Bi Mỷ kuna vikapu vitatu: cha nyumbani, cha Hà Nội, cha Sài Gòn. Majirani nao wanafanya vivyo hivyo, na matunda yao hayageuki uji.

Na siku tatu kabla ya Tết, basi lilisimama kando ya barabara. Nhình akateremka, amejishika kiuno. Bi Mỷ alikuwa amemsubiri pale tangu asubuhi. Walishikana mikono mpaka kondakta akawaomba wasogee basi lipite.

Jioni nyumba ilijaa majirani. Khoát alisimulia safari yake, kwa mara ya kumi.

"Kule Hải Vân sasa. Sikupepesa jicho. Mawingu yako chini yetu, lori linapita juu."

"Mawingu hayo yalikuwa upande gani?" Nhình aliuliza, huku akimenya majani yaliyofunga keki ya mchele.

"Kushoto, Mama Mkubwa. Na kulia."

"Ajabu. Basi letu liliingia ndani ya mlima. Tundu refu, lina taa. Dereva akaniambia malori ya matunda nayo hupita humo humo."

Bi Mỷ akaweka bakuli chini.

"Labda lori la mjomba Tuyên," Khoát alisema.

"Tuyên alikunywa chai kwangu ulipokuwa unaoga. Alisema alikuamsha Đà Nẵng, mlima umeshabaki nyuma, na sanduku umelilowesha mate."

Khoát akajaza keki mdomoni ili asiweze kujibu.

"Endelea, mwanangu," Nhình alisema. "Mimi nilikuwa macho. Ukikwama nitakusaidia."