Jina la Tatu Nyuma ya Daftari

Haya yalitokea nyumbani kwetu Masinya, Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka jana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kumbukumbu za ukoo ninazitunza mimi, na siandiki nisichokiona.

Tulikuwa uani tukimenya karanga. Mtoto wa mdogo wangu Phillip alikuwa na siku nne na hajanyonya hata mara moja. Zahanati hawakuona ugonjwa. Mama yake, Apio, alimdondoshea maziwa kwa kijiko, yakatoka yote. Kwetu Wateso, mtoto hupewa jina kwa kidole. Bibi huchovya kidole katika ajon, pombe yetu ya wimbi, hukitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja marehemu wa ukoo. Jina likiwa lake, atanyonya. Bibi yetu Amongin alikuwa ametaja majina kumi na manane. Niliyahesabu.

"Mteso gani huyu anakataa ajon?" bibi alitania.

Apio hakucheka. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka.

Ndipo boda boda ikamleta askari, Sajini Odeke. Alitumwa kutafuta bunduki za polisi zilizopotea enzi za makondo, majambazi waliotesa watu katika barabara ya Busia na Tororo. Babu yetu Eibu alikuwa mtunza silaha katika kituo kimoja cha mpakani. Bunduki moja ilipotea mikononi mwake, akafukuzwa kazi. Hadi anakufa mwaka 1994 alisema iliibwa, nami nilimwamini. Nakumbuka akinibeba, viganja vyake vikinuka mafuta ya bunduki. Wakati huo alikuwa amefukuzwa kazi miaka mingi. Sikuwahi kujiuliza.

"Babu hakuwa mwizi, Afande," nilimwambia. Nikaleta daftari lake la kazi.

"Basi litamtetea lenyewe, dada," alijibu, akakaa na chai yake kusubiri bibi amalize.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na majina matano kwa mwandiko wa babu, bila maelezo. Nilijua alikuwa na ndugu waliokufa wakiwa wadogo. Nikadhani ni wao. Mimi, ambaye siandiki jina kabla ya kuuliza watu wawili, siku hiyo sikuuliza. Mtoto alikuwa anakufa.

"Egau," nikasoma. Bibi akarudia. Mtoto akageuza uso.

"Okiror." Hakuna.

"Ecweru."

Bibi hakurudia. Kidole chake kilikuwa bado mdomoni mwa mtoto, na mtoto alikuwa anakinyonya. Kwa nguvu. Mashavu yakaingia ndani. Apio akamnyakua, akamweka titini, mtoto akanyonya huku mama akilia kwa furaha.

Bibi alikifuta kidole kwenye kanga, akakifuta tena.

Odeke aliweka kikombe chini. "Dada," alinong'ona, "hayo majina umeyatoa wapi?"

Nikampa daftari. Akafungua faili lake. Akaweka kidole hapa, kidole pale. Majina yalikuwa yaleyale. Matano. Kwa mpangilio uleule.

"Hawa walipigwa risasi barabarani," alisema. "Wote kwa bunduki moja. Ndiyo ninayoitafuta."

Bibi aliangalia ghala la mtama. Mara moja tu. Odeke akaona.

"Bibi?"

"Babu yenu aliniambia nisichimbe," bibi alisema. "Sijachimba."

Phillip na Odeke walisogeza ghala, wakachimba kati ya mawe lililokuwa limekalia. Jua lilikuwa utosini. Udongo ulikuwa mgumu, haujaguswa miaka mingi. Kwenye kina cha mkono walikuta gunia refu. Mizizi ilikuwa imepenya ndani yake na kusokotana kuzunguka umbo la bunduki. Mtutu. Kitako. Hata kifyatulio.

Ndani ya mizizi hapakuwa na kitu.

Odeke alipitisha mkono katika uwazi ule. Ulitoka umelowa mafuta. Mapya. Hakunawa. Alipanda boda boda akaenda, na faili lake akalisahau kwetu. Hajalirudia.

Tumejaribu kumwita mtoto jina jingine. Anafumba mdomo. Tukisema Ecweru, ananyonya. Kwa hiyo ni Ecweru, mtu aliyeuawa na nyumba yetu, na tunamlea. Kwenye kitabu cha ukoo mstari wake bado ni mtupu.

Kila asubuhi Apio humwosha kwa sabuni. Ikifika saa sita, kidole cha shahada cha mkono wa kulia huwa kimekuwa cheusi kwa mafuta. Nilikinusa. Nilikuwa na miaka mitano tena, nimebebwa na babu.