Kofre ya Papa Kunda

Alasiri moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1961, Clément Ngoie aliingia nyumbani kwake mtaa wa Katuba, huko Katanga, akamkuta baba yake ameketi sakafuni, bunduki mapajani, anaipaka mawese.

Hapo pasingekuwa na neno. Mzee Kunda alikuwa mwindaji, na maisha yake yote aliisugua bunduki ile kwa kitambaa alichokiviringisha kidoleni, akiupuliza mdomo wa mtutu mara kwa mara kama anayepoza uji. Ila Mzee Kunda alikuwa amezikwa miaka minne nyuma, na aliyeketi pale akipuliza mtutu alikuwa binti wa mwisho wa Clément, ambaye bado alikojoa kitandani.

"Inaota kutu," mtoto akasema bila kuinua kichwa. "Hauchunge kintu, Clément. Tangu zamani hauchunge kintu."

Mtoto yule alizaliwa wiki chache baada ya mazishi, akapewa jina la babu yake, Kunda, jina lisilouliza kama wewe ni wa kiume au wa kike. Kwa watu wa kaskazini, alikotoka Clément, jina likishashuka hivyo, aliyelivaa ndiye mwenyewe. Clément alimwita binti yake Papa, bila kucheka. Alimwogesha Papa, akamkata Papa kucha. Siku moja alimchapa Papa matakoni kwa kumwaga unga, kisha akakimbilia kwa padri kuungama, maana hakuwa na hakika amevunja amri ya kuwaheshimu wazazi au ameitimiza.

Lakini sauti ile haikuwa ya kuchekea. Clément alinyang'anya bunduki, akachungulia kama ina baruti. Haikuwa nayo.

Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, mwenye kitambi na masharubu, na kabla vita havijakata njia alikuwa amefika Dilolo, Port-Francqui na Ndola, na kila mahali alijua nani anauza bia baridi. Bunduki hakuwahi kupiga. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliwahi kuwinda mara moja tu, bata mzinga wa stesheni ya Kamina, na bata ndiye aliyeshinda. Hata kwenye mazishi ya baba yake alichelewa siku tatu, kwa sababu ya mechi ya mpira na bia za Ndola, akakuta watu wametawanyika. Basi aliitungua bunduki ukutani, akaifunga blanketi, akapanda nayo treni. Kwao bunduki ya marehemu haitunguliwi kama kofia. Mrithi anapiga magoti, anaitwa kwa jina, anawekewa mikononi, anajibu kwamba amepokea. Ndipo marehemu anapojua amehamia kwa nani. Clément aliona hayo ni mambo ya wazee, na treni ilikuwa inapiga honi.

Mkewe Laurentine alirudi kutoka sokoni, akasikiliza habari yote akiwa amesimama, kikapu kichwani.

"Clément, tafuta kintu cha kufungia ile bunduki. Mutoto asiifikie, na basoda basiione. Banaua bantu ya kwetu juu ya kisu cha mboga, sembuse bunduki?"

Alisema kweli. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na basoda, askari wake, waliwahesabu watu wa kaskazini kuwa maadui. Siku zile mtu wa kaskazini katika mji ule alitembea akijifanya mwembamba. Kuitoa bunduki nje kwenda kuitupa ilikuwa hatari kuliko kukaa nayo.

Kwanza Clément aliifungia kwenye kabati la nguo, akatia kufuli, akajisifu. Bunduki ilikuwa ndefu kama mtu, kwa hiyo ilisimama katikati ya magauni ya Laurentine kama mchumba aliyefumaniwa. Kesho yake Kunda alikuwa uani anakula bukari, ugali wa kwao, na ndugu zake, mara akaanza kupangusa uso kwa mikono miwili.

"Robe ya mama inanigusa mu uso," akasema. "Na arufu ya naftalini. Munitoshe inje."

Ndugu zake walicheka. Clément naye alicheka, sekunde moja baada yao.

Akamwendea rafiki yake Jeannot, dereva wa lori, aliyekuwa akihamisha vyombo vya Wabelgiji waliokuwa wakikimbilia Luano kupanda ndege. Jeannot alimletea kabati la chuma la wafanyakazi wa mgodi, lile refu jembamba wanalotundikia nguo kabla ya zamu, lenye matundu matatu ya kupitisha hewa juu, usawa wa macho. Kufunga lilifunga vizuri. Ila tangu siku ile Kunda alianza kupumua kwa mluzi, fii, fii, fii, mchana kutwa, na muuguzi wa dispensari alisema ni kifua, akatoa dawa ya chupa. Na kila Clément alipopita mbele ya kabati, matundu yale yalimpulizia usoni tumbako. Tumbako ya kaskazini, ile kali inayosokotwa kama kamba. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyevuta.

Clément aliamua kwamba ubaya ni matundu. Unaelewa mtu akishaogopa: anatafuta kosa kwenye kabati.

"Soda akimulika toshi pale, anaona mutumbo yote," alimwambia Jeannot. "Natafuta kofre ya kweli. Ile ya bazungu. Haina tundu."

"Ile ya makaratasi? Bunduki yako itaingia kichwa, miguu ibaki inje," Jeannot akajibu. "Lakini ngoja. Kuko muzungu moja alikuwa anawinda tembo. Ameacha kofre ya bunduki, kubwa sawa mulango ya kanisa. Shiye bantu sita tulishindwa kuisukuma."

Walikuja nayo mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, watu wanane, wakiimba. Ilikuwa sanduku la chuma la kijani, lenye kimo cha mtu, mlango mnene kama tofali, ndani limevikwa kitambaa kizito chekundu, na ukingoni mwa mlango mpira mweusi wa kuzuia unyevu. Jeannot aliupigapiga kwa kiganja.

"Hata nzi haipite. Hata Shetani atakosa ufunguo."

Clément alikuwa na furaha ya mtu aliyechagua vizuri kwa mara ya kwanza maishani. Alizunguka ile kofre, akaipapasa, akaomba kila mtu aijaribu kwa bega. Laurentine alishona kitambaa cha maua cha kuifunika, wakaweka juu yake sanamu ya Bikira Maria, ikawa altare. Kisha akasimamisha bunduki ndani, akausukuma mlango, mpira ukabana kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate.

Uani, kamba ya kuruka ilidondoka.

Walimkuta Kunda chali, mdomo wazi, macho yametoka, na hakuna mluzi. Hakuna sauti yoyote. Laurentine alimbeba, akamwingiza ndani, akampiga mgongo, akamtia kidole kooni akidhani amemeza mbegu. Clément alikimbilia karatasi ya dispensari, na karatasi ile, kwa ujinga wake wa kuweka vitu, alikuwa ameitumbukiza kwenye kofre pamoja na leseni ya bunduki. Akaufungua mlango. Nyuma yake mtoto akavuta pumzi ndefu, ya kukwaruza, akalia.

"Mungu asifiwe," Clément akasema, akafunga.

Kilio kikakatika.

Laurentine hakumtazama mtoto tena. Alimtazama mumewe, mkono wake ulio kwenye mpini wa kofre.

"Fungula," akanong'ona.

Akafungua. Pumzi.

"Rudisha kidogo."

Akarudisha mpaka ukabaki ufa wa kidole. Fii, fii, fii.

Ndani ya ufa ule kulitoka harufu ya tumbako na ya mawese yaliyokaa, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliochimbwa mvua ikinyesha.

"Ni yeye," Laurentine akasema. "Umemufungia baba yako."

"Laurentine, mi nilichagua kofre juu ya kuchunga mutoto."

"Mutoto gani, Clément? Mutoto njo nani?"

Hapo ndipo mlango wa jirani ulipogongwa kwa kitako cha bunduki. Vita vilikuwa vimeingia mjini tangu Jumanne, askari wa Umoja wa Mataifa upande ule na wa Katanga upande huu, na sasa basoda walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta silaha na watu wa kaskazini waliozificha. Jirani alisikika akiapa. Vyombo vikaanguka. Viatu vikaanza kuja.

"Acha wazi," Laurentine akasema, akimkumbatia Kunda.

"Bakiona batatuua bote. Na batoto."

"Acha wazi, Clément!"

Mlango wa mbele ulisukumwa. Clément alifunga. Alifunga kwa mgongo wake, akashusha kitambaa cha maua, akasimama mbele ya Bikira Maria akitabasamu tabasamu lake la treni, lile la kuwaambia abiria kwamba kuchelewa ni kidogo tu.

Wakaingia watatu, na sajini wao, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kutolala, akaanza kuuliza majina na kazi na kijiji, na Clément akajibu, akajibu vizuri, hata akatupa mzaha mmoja kuhusu treni, huku nyuma ya sajini, kwenye mkeka, akimwona Laurentine amemlaza mtoto mapajani na kumfunika mdomo kwa mkono ili ionekane amelala, na uso wa mtoto ukigeuka rangi ya majivu, na vidole vidogo vikikwaruza mkeka, kwaru, kwaru, na ndani ya chuma kilichokuwa kikimgusa mgongo, mahali palepale penye mabega yake, akasikia pia, kwaru, kwaru, kucha kwenye kitambaa, taratibu kwanza kisha kwa haraka, kisha taratibu tena kama mtu anayechoka, na akawaza kwamba wakitoka sasa hivi bado kuna muda, na sajini hakutoka, sajini aliomba maji, akayanywa pole pole, na vidole kwenye mkeka vikalegea kimoja kimoja, na mgongoni pake kukawa kimya, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko mkwaruzo, kwa hiyo Clément Ngoie, ambaye hakuwahi kuwinda chochote wala kupokea chochote kwa mikono yake miwili, aligeuka mbele ya bunduki tatu, akavuta kitambaa, Bikira Maria akaanguka akavunjika, akakamata mpini akaufungua mlango wote.

"Bunduki njo hii," akasema. "Muniue miye moja. Iko ya baba yangu."

Hakuna aliyefyatua. Sajini alikuwa anatazama ndani ya kofre, na kinywa chake kilikuwa wazi. Kikombe kilimponyoka. Halafu alipiga hatua moja, akamzaba Clément kofi lililomwangusha chini.

"Mushenzi weye! Unamufungia muzee mu chuma? Baba yako? Tazama vile anahema! Tazama mikono yake!"

Alivua kofia. Alichuchumaa, na wale wawili wakachuchumaa nyuma yake, wakapiga makofi mepesi kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyosalimiwa wakubwa huko vijijini.

"Utusamehe, muzee. Vita njo inatuingiza mu nyumba za bantu vile." Akageukia Laurentine. "Mama, umupe maji." Na kwa Clément, akiwa tayari mlangoni: "Nikirudia nikute umemufungia tena, nitakuua. Hapana juu ya bunduki. Juu ya muzee."

Wakatoka. Clément, akiwa chini, shavu linawaka, alitazama ndani ya kofre. Aliona bunduki tu, imesimama. Ila kitambaa chekundu upande wa ndani wa mlango kilikuwa kimechanwa mistari kumi, kuanzia usawa wa kifua hadi chini.

Kunda alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapumua. Aliinuka, akaenda kwenye kofre, akaitoa bunduki iliyokuwa nzito kuliko yeye, akaibeba bila kuyumba. Akasimama mbele ya baba yake.

"Clément Ngoie."

Clément alipiga magoti. Safari hii hakuna treni iliyokuwa inamngoja. Akanyoosha mikono miwili, bunduki ikawekwa juu yake, baridi, na akalia kama mtu aliyefika mazishini.

"Nimepokea, Papa."

Mtoto alipiga miayo. Alilala mpaka siku ya pili, akaamka anadai sukari, na kuanzia siku ile alimwita Clément "papa" kama ndugu zake wote. Kofre ilibaki tupu, mlango wazi, kuku wakitagia ndani. Bunduki ilirudi kwenye kabati la mgodi, lenye matundu matatu, na kila Jumapili Clément aliipaka mawese, kitambaa kidoleni, akiupuliza mtutu. Sajini alirudi kweli, mara mbili, na pakiti ya tumbako kwa mzee. Alikaa chumbani peke yake saa nzima. Laurentine alipitisha chai akiwa amefumba macho, na alisema alisikia watu wawili wakicheka. Mwaka mzima mtoto hakupiga mluzi hata mara moja.

Mwezi wa kwanza wa 1963 kujitenga kwa Katanga kuliisha, ikarudi Kongo. Asubuhi moja ya mvua nyembamba, gari lenye kipaza sauti lilipita polepole katika barabara ya Katuba. Clément alikuwa barazani anashona kiatu. Kipaza sauti kilisema vita vimekwisha, watu wafurahi, na bunduki zote, hata za kuwindia, hata za zamani, ziletwe kabla ya Jumamosi. Nyumba zitapekuliwa upya, ukuta kwa ukuta, na zitakazopatikana zitapelekwa kwenye tanuru kuyeyushwa.

Gari likapita.

Uani, chini ya mvua, Kunda aliacha kuruka kamba. Alijishika shingo. Alijifuta paji la uso kwa kiganja, akakitazama kiganja, kisha akamgeukia yule aliyekuwa barazani.

"Clément," akasema, "mbona iko moto vile?"