Breki ya Mbele

Mnyororo wa baiskeli ulichomoka katikati ya makutano, taa ilipogeuka kijani, na mji mzima ukaamua kumpigia honi yeye. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vitone vyeupe, na koti lake la duka la dawa limekunjwa kwenye kikapu cha mbele. Akashuka, akauvuta mnyororo kwa vidole. Ukabana. Akauvuta tena, ukazidi kubana. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani.

"We dada, si uibebe tu hiyo baiskeli mgongoni!"

"Njoo unibebee wewe mwenye mabega!"

Watu wakacheka. Nyuma yake ikatoka sauti ya kiume, ya taratibu, kama ya mtu asiyesikia honi hata moja.

"Usiuvute. Sukuma ule mkono wa gia mbele, mnyororo ulegee. Sasa uanzishe kwenye meno ya chini, uzungushe pedeli kinyumenyume."

Mikono yake ikasimama. Kilichomsimamisha ni ile sauti. Kwa muda mrefu alikuwa ameisikiliza akiwa jikoni, kitandani, kaunta ya duka ikiwa tupu. Walikuwa na kundi lao la simu, waendesha baiskeli wa mji ule, makarani na walimu na wauza maduka, na humo waliulizana kila kitu: tyubu inayopoteza upepo kidogo kidogo, kiti kinachonung'unika, na wakishamaliza baiskeli wakahamia nyumbani, mlango unaokwaruza sakafu, bomba linalodondosha. Aliyejibu zaidi ya wote alijiita Spoku, na alijibu kwa sauti, hakupenda kuandika.

"Wewe ni Spoku!"

Akageuka kumtazama. Alikuwa kijana mrefu, shati jekundu limekunjwa mikono, mguu mmoja wa suruali umebanwa na kibanio cha kuanikia nguo usiingie kwenye mnyororo.

"Na wewe ni nani?"

"Dozi."

"Dozi! Wewe ndiye uliyemwambia yule mwenzetu aloweke boliti zenye kutu kwenye siki, nyumba ikanuka mpaka mkewe akahamia kwa mama yake?"

"Kutu ilitoka, haikutoka?"

"Kutu ilitoka. Na mke pia alitoka."

Dozi akacheka mpaka akaegemea usukani. Walipovuka barabara mnyororo ulikuwa mahali pake, vidole vyake vyeusi tii kwa mafuta, na hakukumbuka tena kwamba amechelewa kazini.

Spoku alikuwa fundi wa lifti. Kutwa alikuwa ndani ya mashimo ya majengo marefu, akikaza, akipaka grisi, akisikiliza mashine kama daktari anavyosikiliza kifua. Jioni alikuja kwa Dozi na mfuko wake wa spana. Akaurekebisha mlango wa chumba uliokuwa ukikwaruza. Akaufungua bawaba, akaupiga randa chini, akaurudisha. Akabadilisha mpira wa bomba. Kazi ilipokwisha akatafuta nyingine.

"Hilo dirisha halina kasoro," Dozi akamwambia siku moja. "Kama unataka kukaa, kaa tu."

"Kwani nimesema nataka kukaa?"

"Umekaza hiyo skrubu mara ngapi, mpenzi?"

Akaiweka bisibisi chini. Akakaa.

Simu zikaanza. Asubuhi kabla ya kazi, mchana dukani, wakati mwingine wateja wamepanga foleni na Dozi amejificha nyuma ya kabati la dawa za kikohozi.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Juu kabisa, naona hadi paa la duka lako. Paa lina kutu."

"Usianze! Nilidhani utasema unaniona mimi."

"Nakuona. Wewe huna kutu bado."

"Bado? Leo usije!"

Na akaja.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, Dozi na mdogo wake wa kike, ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa bado hajui kusuka nywele zake mwenyewe, na Dozi ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamgombeza, akamvumilia. Kitinda alimpenda Spoku kuliko dada yake alivyompenda, au ndivyo alivyosema. Alimwita shemeji kabla hawajazungumzia ndoa. Alipopata kazi kwenye duka kubwa la vitambaa ng'ambo ya pili ya mji, wapenzi wale wawili wakamnunulia baiskeli iliyotumika, na Jumapili Spoku akaifungua yote uani, akabadilisha waya za breki na mipira yake, akaipeleka mwenyewe kwenye mteremko mkali nyuma ya nyumba ili aijaribu.

"Inashika kama kupe," akasema aliporudi. "Panda, shemeji yangu."

Katikati ya juma Kitinda akashuka mteremko uleule akienda kazini, na breki ya mbele haikushika.

Dozi aliipata simu akiwa anapima vidonge. Alipofika hospitali, mdogo wake alikuwa ameshafungwa mguu mzima, paja limevunjika, uso umechubuka, macho mazito kwa dawa. Alisema neno moja tu.

"Breki, dada."

Jirani aliyemwokota chini ya gari lililokuwa limeegeshwa aliileta baiskeli mpaka nyumbani. Dozi akaiona jioni, alipokwenda kuchukua nguo. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umetoka mahali pake, unaning'inia. Alikuwa amekaa kwenye lile kundi muda wa kutosha kujua waya unapaswa kukaa wapi. Akampigia Spoku.

"Kitinda ameanguka. Breki imeachia."

Ikajibu ile sauti ya taratibu.

"Baiskeli iko wapi? Usiiguse. Niione kwanza."

"Umesemaje?"

"Nasema niione baiskeli, mpenzi, nijue..."

"Mdogo wangu yuko kitandani mguu umening'inizwa, wewe unauliza baiskeli?"

"Sikiliza..."

"Nimekusikiliza sana! Mimi na mji mzima tumekusikiliza!"

Akakata. Mwokota vyuma alikuwa anapita na mkokoteni wake. Akaisukuma baiskeli nje, akamwambia ichukue, sitaki hata senti. Kisha akafungua lile kundi, akabonyeza, akasema kwa sauti inayokatika: Aliyetengeneza breki za mdogo wangu ni Spoku. Mdogo wangu yuko hospitali. Kila mwenye mtoto, kila mwenye ndugu, aangalie anachoambiwa humu.

Spoku alifika hospitali. Dozi akamsimamisha mlangoni mwa wodi.

"Nimwone tu."

"Hapana."

"Kama ni mimi niliyekosea..."

"Kama?"

Akainamisha kichwa. Lile shati jekundu lilikuwa na grisi begani, amekuja moja kwa moja kutoka kazini. Akageuka, akaondoka. Siku hiyohiyo akatoka kwenye kundi, na Dozi akaifungia namba yake isimpigie tena.

Kitinda akatoka hospitali na magongo. Mfupa uliunga vibaya kidogo. Mguu ule ukawa mfupi kuliko mwenzake. Kazi ya duka la vitambaa, ya kusimama kutwa, ikapewa mtu mwingine. Wakawa wanakwenda kliniki ya mazoezi, Dozi akimsindikiza anapopata nafasi, akimwacha na kurudi kumchukua. Nyumbani walizungumza machache. Dozi aliona mdogo wake anapungua, hali, halali, akadhani ni mguu.

Kumbe haukuwa mguu.

Mchana mmoja alikwenda kumchukua kliniki, akamkuta nje kwenye benchi, magongo chini, analia kama mtoto.

"Nani kakufanya nini?"

"Shemeji alikuja."

Damu ikampanda Dozi. "Hapa? Amekufuata mpaka hapa?"

"Dada, ngoja. Alipiga magoti. Mbele ya watu wote. Akaniomba msamaha, akasema mikono yake imenilemaza. Na mimi..." Akashindwa, akajifuta kwa upande wa kanga ya kiunoni. "Na mimi nikampa. Nikamwambia nimekusamehe, shemeji."

"Umefanya vyema kuliko mimi. Sasa unalia nini?"

"Kwa sababu breki niliifungua mimi."

Gari la wagonjwa likapita langoni. Dozi akasubiri lipite, kama vile lingeondoka na maneno yale.

"Jana yake nilirudi na teksi, mvua ilikuwa inanyesha. Baiskeli haikuingia kwenye buti, dereva akasema toa gurudumu la mbele. Nikachomoa waya wa breki gurudumu lipite. Nyumbani nikarudisha gurudumu, waya nikasahau. Asubuhi nikapanda tu, nimechelewa."

"Ulijua tangu lini?"

"Nilikumbuka wodini. Lakini ulikuwa umeshamfukuza. Ulikuwa unalala kwenye kiti pembeni yangu, unaninawisha, unasema umemkata mtu uliyempenda kwa ajili yangu. Ningeanzia wapi, dada?"

Dozi alinyanyua mkono. Hakujua kama anataka kumpiga au kumshika. Mwishowe akaokota magongo, akampa, wakaenda nyumbani.

Jambo la kwanza alilofanya ni kurudi kwenye kundi na kusema yote, kwa sauti, bila kujipunguzia. Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Aliifungua ile namba, akapiga. Iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Ndiyo."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Nina jambo la kukwambia, siwezi kulisema kwenye simu."

"Niko kazini. Njoo, uliza stoo."

"Stoo? Wewe si uko juu ya majengo?"

"Uliza stoo," akarudia.

Alikwenda na lile gauni la bluu lenye vitone. Alijilaumu njiani kwa kulivaa, lakini alikwenda nalo. Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za vyuma, taa nyeupe, makopo ya grisi na misokoto ya nyaya. Spoku alikuwa nyuma ya meza, amekonda, mikono safi mno. Dozi hakuwahi kuiona mikono ile ikiwa safi hivyo.

Akamweleza akiwa amesimama. Teksi, mvua, gurudumu, waya. Alipomaliza, Spoku akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Dozi akazunguka meza, akapiga magoti.

"Nisamehe. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Unajua nimekuwaje?" akasema ndani ya viganja. "Nilikuwa nakaza boliti ya lifti, nashuka, narudi juu kuikagua. Nashuka, narudi. Watu wanasubiri chini, mimi siwezi kusema imekaza. Nikifumba macho namwona Kitinda ameanguka. Mkuu wa kazi akanikuta ndani ya shimo nimekaa nalia. Ndiyo maana niko hapa, nahesabu makopo."

"Ningejua..."

"Nilikuuliza baiskeli iko wapi."

"Nilidhani unajitetea."

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imerudi kuwa ya taratibu.

"Na kama ningekuwa najitetea? Kwani mtu hana ruhusa ya kujitetea kwa mpenzi wake? Nilitaka kujua nimefanya nini. Kama ni mimi, nijue ni mimi. Ulinihukumu, ukanitangaza, ukagawa baiskeli, ukafunga simu. Yote kwa jioni moja."

"Umenisamehe?" Dozi akauliza.

"Nimekusamehe. Na Kitinda mwambie nimemsamehe, asijitese moyo. Alikuwa mtoto aliyeogopa. Mwambie nimefurahi, kweli nimefurahi. Leo nitalala."

"Basi turudi. Njoo nyumbani leo. Tuanze upya, taratibu, hata mwaka mzima nitakubembeleza."

Akamnyanyua kutoka sakafuni, akamkung'uta vumbi la magotini kwa upole wa zamani, mpaka Dozi akaanza kutabasamu.

"Nakupenda mpaka leo," Spoku akasema. "Sitakudanganya kuhusu hilo. Lakini siku mtoto wetu akidondoka kitandani, mimi nitatazama uso wako kabla sijamwokota. Nitatazama nione kama umeshanihukumu. Siwezi kuishi hivyo, na mtoto hawezi kusubiri hivyo."

"Nitabadilika."

"Najua utabadilika. Ukimpata mwingine, muulize kwanza."

Mtu akagonga dirisha la stoo akitaka nyaya. Spoku akajifuta uso, akaenda kumhudumia. Dozi akangoja kidogo, akitumaini atageuka. Yule mtu alikuwa na maswali mengi, na Spoku alikuwa anamjibu yote.

Nje jua lilikuwa kali. Simu ikalia kabla hajafika getini.

"Dada! Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje? Niambie haraka, moyo unanipasuka."

"Amesamehe. Wewe na mimi. Amesema usijitese moyo."

Kitinda akapiga kelele za furaha, akasikika akigonga gongo lake sakafuni, akamwita jirani, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Nilijua! Shemeji yangu nilimjua! Nipike nini leo? Anakuja saa ngapi? Dada, unanisikia?"

Dozi alisimama kwenye kivuli cha ukuta, simu sikioni, gauni limemganda mgongoni kwa jasho. Mdogo wake hakuwa amecheka tangu aanguke. Akamwacha acheke mpaka atosheke, ndipo amwambie.